Ogopa lifti iliyolowa na bado inapanda

Kukitangazwa kimbunga Bahari ya Hindi, haichukui muda magrupu ya simu yanaanza kujaa ushauri wa kila namna, na mmojawapo ni huu wa lifti: usipande, kamba zitakatika, jengo litayumba, utakosa hewa humo ndani. Sehemu kubwa ya ushauri huo iliandikwa kwa ajili ya watu wa Taiwan, Japani na Ufilipino, nchi zinazopigwa na vimbunga karibu kila mwaka na zenye majengo marefu kupindukia. Ukifika Mbeya unakuwa umeshatafsiriwa mara tatu na kuongezwa chumvi mara nne. Ndani yake mna mambo ya kweli ambayo mwenye ghorofa wa Mwanjelwa au Iringa mjini anapaswa kuyajua. Mna pia mambo yasiyomhusu hata kidogo, na hayo ndiyo yanayomwogopesha zaidi.

Tuanze na upepo ili tumalizane nao. Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Kimbunga hupata nguvu zake kwenye maji ya bahari yenye joto. Kikishapanda nchi kavu na kukutana na milima hunyong'onyea. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kilichofika pwani yetu upande wa Mafia, kilikuwa habari ya watu wa pwani. Lifti zinazosimamishwa kwa sababu ya upepo ni zile za majengo kama Taipei 101, lenye mita 508, ambalo huning'iniza tufe la chuma la tani 660 karibu na kilele ili kupunguza kuyumba. Jengo la namna hiyo likiyumba, kamba ndefu za lifti nazo huanza kupunga na kugonga kuta za njia yake. Ghorofa zetu nyingi ni za nne, sita, chache kumi. Kamba ya urefu huo haipungi kwa upepo wa mlima Loleza.

Mvua ni habari nyingine. Msimu wetu ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na huo ndio pia msimu wa vimbunga kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi. Kimbunga kikikaa Mlango-Bahari wa Msumbiji kinaweza kuvuta upepo wenye unyevu kutoka misitu ya Kongo ukapita juu yetu, tukanyeshewa na mvua ya dhoruba ambayo hatutaiona hata kwa macho. Kikikaa mahali pengine kinaweza kuuvuta unyevu huohuo ukaenda mbali nasi, tukabaki na jua la ajabu katikati ya Februari. Majirani zetu wa Malawi walionja upande mchungu wa jambo hili Machi 2023, kimbunga Freddy kilipowamwagia mvua ya siku kadhaa na kuporomosha milima upande wa Blantyre. Na kwa kweli Nyanda za Juu Kusini hazihitaji kimbunga ili zinyeshewe. Muulize mtu wa Tukuyu.

Kwa hiyo maswali ya lifti kwetu ni mawili: maji na umeme. Kabla ya hayo inabidi kujua kwanza lifti ikikatikiwa umeme inafanya nini, maana hapo ndipo hofu nyingi zilipojificha.

Watu hudhani umeme ndio unaokishikilia kibanda cha lifti kisianguke, kwamba ukikatika hakuna kinachokizuia. Ni kinyume chake. Breki ya lifti hufungwa na springi na kufunguliwa na umeme. Lifti inapotembea, sumaku ya umeme inazivuta pedi za breki zisiguse gurudumu la mashine. Umeme ukikatika sumaku inaachia, springi zinabana, kibanda kinasimama palepale kilipo. Madereva wa malori wanaoshuka Kitonga na Iwambi wanaujua mpango huu: breki ya maegesho ya lori lenye breki za upepo hushika hewa ikiisha, haishiki hewa ikijaa. Yule aliyebuni aliona kwamba kitu cha kutegemewa wakati wa hitilafu kisiwe kinahitaji nguvu itakayopotea kwa hitilafu hiyohiyo.

Kamba nazo si moja. Kibanda cha kawaida huning'inia kwa kamba kadhaa za chuma, na viwango vya Ulaya, ambavyo watengenezaji wengi huvifuata, vinataka kamba hizo ziweze kubeba mara 12 ya mzigo wa kawaida. Hata zikikatika zote, chini ya kibanda kuna meno yanayong'ata reli pindi kasi inapozidi kiwango. Elisha Otis alilionyesha wazo hilo hadharani New York mwaka 1854: alipanda juu ya jukwaa, akaagiza kamba ikatwe kwa shoka mbele ya watu, jukwaa likashuka kidogo tu na kukwama. Ni zaidi ya miaka 170 sasa, na filamu bado zinatuonyesha lifti zinazoporomoka kama jiwe. Hewa pia isikusumbue kichwa. Kibanda cha lifti si pipa. Kina matundu ya kupitisha hewa juu na chini, na milango yake haizibi kabisa. Joto litakuja, jasho litakutoka, lakini hewa ipo.

Basi mvua imeanza, radi imepiga upande wa Uyole, umeme umekatika, na wewe upo kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Mpaka hapo lifti imefanya kazi yake sawasawa. Tatizo linaanza na watu.

Wa kwanza ni yule aliyemo ndani anayevuta mlango. Akifanikiwa kuufungua anaona sakafu ya korido ikiwa usawa wa kifua chake, au anaona ukuta mtupu na uwazi kwa chini. Anaruka. Kibanda kilichosimama juu ya usawa wa ghorofa kinaacha nafasi chini ya kizingiti chake, na nafasi hiyo inaelekea moja kwa moja kwenye njia ya lifti. Kwa sababu hiyo lifti huwekewa bamba la chuma linaloning'inia chini ya kizingiti, mara nyingi sentimita 75 hivi, lizibe mwanya. Kibanda kikiwa juu zaidi ya hapo bamba halitoshi. Mtu anayeruka kuelekea koridoni akiteleza, na wakati wa mvua sakafu ina matope ya viatu vya watu wote, anarudi kinyumenyume kwenye mwanya huo.

Wa pili ni msamaria mwema mwenye ufunguo wa pembetatu. Milango ya koridoni hufunguliwa kwa ufunguo huo, na katika majengo mengi hukaa kwa mlinzi, umetundikwa kwenye msumari pamoja na funguo za choo. Umeme hakuna, giza, watu wanapiga kelele kutoka juu; mlinzi anafungua mlango wa ghorofa anayodhani lifti ipo, anachungulia mguu mmoja ukiwa mbele. Lifti haipo. Ufunguo ule ungefungiwa kabatini na kupewa mtu aliyefundishwa tu, tungekuwa tumeondoa hatari kubwa kuliko yoyote inayoletwa na mvua yenyewe.

Njia sahihi ya kumtoa mtu ina hesabu ndani yake, na nadhani ni sehemu ambayo kila mwenye jengo angeielewa angepunguza haraka. Upande wa pili wa kamba, kinyume na kibanda, kuna uzito wa kusawazisha. Huu hupangwa uwe sawa na kibanda kitupu pamoja na takriban nusu ya mzigo wake wa juu. Chukua lifti ya watu nane, kilo 630: uzito wa kusawazisha unakizidi kibanda kitupu kwa kilo 315 hivi. Fundi akikata swichi kuu kwanza, kisha akaiachia breki kidogokidogo kwa mkono, upande mzito ndio unaoshuka. Wakiwa ndani watu watatu wa kilo 75 kila mmoja, jumla 225, kibanda ni chepesi: kitapanda. Wakijaa wanane, kilo 600, kitashuka. Wakiwa wanne, mizani inakaribia kulingana na kibanda kinaweza kukataa kwenda popote mpaka fundi azungushe gurudumu la mashine kwa mikono.

Ndiyo maana fundi anayejua kazi, akipata simu ya ndani ya lifti, maswali yake huwa namna hii:

"Mama, mpo wangapi humo?"

"Tupo watatu, baba. Na mtoto mgongoni."

"Mna mzigo?"

"Huyu kijana ana gunia la mchele."

"Kilo ngapi?"

"Mia."

Umbea haumo. Watatu kwa 75 ni 225, ukiongeza gunia ni 325, na mtoto juu yake. Bila gunia lile kibanda kingepanda. Pamoja nalo mizani inakaribia kulingana, na kikienda popote kitashuka. Na kama chini kabisa ya jengo kuna maji, kushuka ndicho kitu cha mwisho anachokitaka.

Hapo tumefika kwenye maji yenyewe. Sehemu kubwa ya Mbeya ipo kwenye mteremko, na ghorofa zetu huchimbwa ndani ya kilima. Kwa mbele, barabarani, unaingia ghorofa inayoonekana kuwa ya kwanza. Kwa nyuma kuna ghorofa nzima iliyo chini ya usawa wa ardhi ya jirani wa juu. Mwenye jengo anasema yeye hayupo bondeni, mafuriko yatamfikiaje? Maji hayamwendei kwa mto. Yanashuka na mtaa, yanafuata mfereji ulioziba kwa chupa na mifuko, yanapanda juu ya kizingiti cha maegesho ya chini na kutafuta pa kutulia. Mahali pa chini kuliko pote katika jengo ni shimo la lifti, ambalo huchimbwa mita moja na nusu hivi chini ya sakafu ya mwisho. Kuta zake nazo huvuja ikiwa hazikuzibwa vizuri wakati wa ujenzi, kwa hiyo shimo linaweza kujaa polepole kwa wiki nzima ya mvua za Januari bila mtu yeyote kuona tone likiingia mlangoni.

Ndani ya shimo hilo kuna springi za kupokea kibanda, swichi ya dharura, swichi za mwisho wa safari, na uzito unaoikaza kamba ya kidhibiti kasi. Juu yake unaning'inia waya mnene wa kibanda, unaopeleka umeme wa taa, milango na vibonyezo. Waya huo umejikunja kama upinde chini ya kibanda, na kibanda kikiwa ghorofa ya mwisho tumbo la upinde linakaribia kugusa sakafu ya shimo. Shimo likiwa na maji, tumbo hilo linaogelea.

Kisa kinachopaswa kukumbukwa hapa ni cha Tel Aviv, Israeli, Januari 2020. Mvua kubwa ilifurisha maegesho ya chini ya jengo la makazi, vijana wawili wakanasa ndani ya lifti kwenye ngazi ya chini, maji yakapanda humo ndani wakafa. Haikuwa kamba, haikuwa kuporomoka. Zaidi ya miaka miwili baadaye, Septemba 2022, kimbunga Hinnamnor kilipopita mji wa Pohang, Korea Kusini, watu saba walikufa katika maegesho ya chini ya ardhi ya jengo la makazi. Walikuwa wameshuka kwenda kuyatoa magari yao. Gari lako lipo chini, maji yanaingia, na mkono unakwenda wenyewe kwenye kibonyezo cha kushukia. Katika ushauri wote wa Asia unaozunguka kwenye simu, mstari mmoja ambao ningeuandika kwa herufi kubwa kwenye mlango wa lifti yoyote ya Mbeya ni huo wa kutoshuka chini ya usawa wa ardhi mvua inapofurika. Gari liache. Hata ngazi zitumie kwa kupanda tu.

Sasa tuje kwenye jambo lililonipa kichwa cha habari.

Lifti ina mlolongo wa swichi zilizounganishwa moja baada ya nyingine: kufuli la kila mlango wa koridoni, mlango wa kibanda, kidhibiti kasi, mwisho wa safari juu na chini, swichi ya shimoni. Umeme mdogo unapita kwenye zote kwa zamu. Moja ikifunguka, mlolongo unakatika, breki inabana. Ni mpango wa kishamba kwa urahisi wake na ndiyo sababu unaaminika: ili lifti itembee, kila kitu lazima kiseme ndiyo.

Maji yakiingia kwenye mlolongo huo yanaweza kufanya mambo mawili. La kwanza, kukata: swichi inalowa, fyuzi inaungua, lifti inagoma. Watu wanalalamika, mwenye jengo anachukia, lakini hakuna aliyeumia. La pili, kuunganisha. Maji machafu yanapitisha umeme. Yakikaa kati ya ncha mbili za swichi ya mlango yanaweza kuiambia mashine kwamba mlango umefungwa wakati upo wazi. Hapo unapata lifti inayoondoka mtu akiwa mguu mmoja ndani. Wabunifu waliliona hili: upande mmoja wa mlolongo huungwa na arthi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini, ili umeme ukivuja kwenda kwenye chuma fyuzi ikatike badala ya lifti kudanganywa. Lakini kinga hiyo ni nzuri kadiri arthi ilivyo nzuri. Arthi iliyolegea, au iliyokatwa na fundi wa bomba aliyekuwa anachimba, haikatishi kitu.

Kwa hiyo nikisikia mlinzi akisema kwa fahari, "Hii lifti yetu ngumu, jana maji yaliingia na ikaendelea kupiga kazi," mimi huchukua ngazi. Lifti iliyolowa ikagoma inafanana na mtu mkweli. Ile iliyolowa ikaendelea kwenda haijathibitisha lolote bado.

Maji hayatoki chini tu. Kwenye majengo mengi chumba cha mashine kipo juu ya paa, na kwa kuwa hakuna mpangaji anayekaa huko, bati lake ndilo la mwisho kukarabatiwa. Mvua ya upepo inaingia kupitia madirisha ya kupoza mashine, inadondoka kwenye paneli ya umeme au kwenye breki yenyewe. Pedi za breki zikilowa kwa maji au mafuta yaliyochuruzika, mshiko unapungua. Lifti za siku hizi zisizo na chumba cha mashine zimehamishia kila kitu ndani ya njia ya lifti, kule juu kabisa, kwa hiyo tundu dogo la dari linatosha. Na nisiwalaumu mawingu peke yao: katika majengo yetu wanaodeki korido kila asubuhi husukuma maji kwa fagio hadi kwenye mlango wa lifti, kwa sababu ni mahali ambapo maji yanapotea yenyewe. Yanapotea, ndiyo. Yanashukia kwenye kufuli za milango ya ghorofa zote za chini. Miezi sita ya mvua na miezi kumi na miwili ya kudeki. Sijui ipi imeharibu lifti nyingi zaidi, ila naweza kubahatisha.

Umeme unastahili maelezo yake, maana ndio unaotuletea kero ya kila wiki. Mvua ikiangusha mti kwenye laini huweza kukata fezi moja kati ya tatu, yaani waya mmoja kati ya mitatu inayoleta umeme. Taa za ofisini zinawaka, kompyuta zinafanya kazi, chai inachemka, lifti haitembei. Mpangaji anapiga kelele kwamba lifti mbovu. Kumbe kuna kifaa kidogo ndani ya paneli kinachozihesabu fezi, na kimekataa kuiwasha mota kwa fezi mbili kwa sababu ingenguruma mahali pamoja mpaka iungue. Kifaa hichohicho huangalia pia mpangilio wa fezi. Laini ikikarabatiwa baada ya nguzo kuanguka na nyaya mbili zikabadilishana nafasi, mota ya fezi tatu huzunguka kinyume. Wenye mashine za kusaga wanalijua hilo vizuri. Kwenye lifti maana yake ungeweza kubonyeza juu ikaenda chini, na kifaa kinazuia hilo lisitokee. Kuna mafundi wa haraka ambao, wakiitwa "kuamsha" lifti, hukiruka kifaa hicho kwa kipande cha waya. Lifti inaamka, mwenye jengo analipa, na mvua inayofuata hakuna tena anayehesabu.

Halafu kuna mshtuko wa umeme unaporudi. Unakatika, unarudi sekunde tano, unakatika tena, unarudi na nguvu isiyotulia. Paneli za kisasa zimejaa vifaa vya kielektroniki visivyopenda mchezo huo, na radi ya karibu inaweza kuzimaliza kwa mpigo hata kama haikupiga jengo lenyewe, kwa kupitia nyaya za umeme na za simu. Kinga ya radi ya juu ya paa inalilinda jengo lisichomeke, hailindi paneli. Paneli inahitaji kifaa chake cha kunyonya mshtuko, na arthi iliyo hai. Majengo yenye jenereta yana swali la ziada ambalo wengi hawajiulizi: je, lifti imeungwa kwenye jenereta? Na pampu ya kunyonya maji ya shimoni, je? Mara nyingi jenereta inabeba taa, seva na mashine za kahawa za ofisi, halafu pampu imeachwa kwenye umeme wa kawaida. Mvua inakata umeme, pampu inalala, shimo linajaa wakati uleule ambao pampu ilinunuliwa kwa ajili yake.

Lifti nyingi mpya huja na betri ya uokoaji. Umeme ukikatika inasubiri kidogo, kisha inakipeleka kibanda polepole hadi ghorofa iliyo rahisi kufika na kufungua mlango. Ni kitu kizuri mno, na ukinunua lifti usikubali kukiacha. Ila ina mipaka yake. Mlolongo wa usalama ukiwa umekatwa na maji, betri haiendi popote. Na huchagua ghorofa kwa wepesi wa mzigo, haijui kwamba ghorofa hiyo ni maegesho yaliyofurika. Betri yenyewe hufa baada ya miaka michache bila kuaga, na njia ya kujua ni kuzima swichi kuu mchana kweupe, jengo likiwa tulivu, na kutazama kitakachotokea.

Anayepaswa kuamua ni nani? Kwa kawaida mvua kubwa huanza saa kumi alasiri, meneja ameshaondoka, fundi yupo Iringa au Dar es Salaam, na mtu pekee aliyebaki ni mlinzi. Mlinzi huyo akizima lifti mpangaji wa ghorofa ya tano atamfokea, na kesho yake ataulizwa nani alimruhusu. Kwa hiyo haizimi. Hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote nilizozitaja na haihitaji kifaa chochote kuitengeneza: mwandikie ruhusa. Maji yakionekana kwenye sakafu ya chini, au yakidondoka kutoka dari ya lifti, au radi ikiwa juu ya mji na umeme unacheza, anahakikisha kibanda ni kitupu, anakipeleka ghorofa ya pili au ya tatu, wala si ya juu kabisa kama paa linavuja, anazima swichi kuu, anafunga kamba mlangoni. Wagonjwa, wazee na wenye viti vya magurudumu wajulishwe mapema wakati anga bado linajikusanya. Hospitali zina haja ya mpango wao maalumu wenye jenereta na fundi wa zamu, kwani kwao kuzima lifti si jambo la kero tu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamweka mwenye eneo la kazi kuwa na wajibu kwa vifaa vyake, na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, hukagua lifti. Cheti kilichobandikwa ukutani kinasema hali ya siku ya ukaguzi. Hakisemi kitu kuhusu maji ya jana usiku.

Ukinasa ndani, bonyeza kengele na usubiri. Piga simu kama mtandao upo. Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kaa mbali na mlango, weka mzigo sakafuni, useme upo kati ya ghorofa ipi na ipi na mpo wangapi. Hali moja tu inabadilisha ushauri huu wa kutulia: ukiona maji yanaingia kwa chini. Hapo useme neno "maji" kabla ya jina lako, ili anayepokea ajue kwamba hapaswi kusubiri fundi amalize chai, na bonyeza kibonyezo cha ghorofa ya juu kama taa bado zinawaka.

Mvua ikikatika, shimo litazamwe kwa tochi kutoka mlangoni kabla ya mtu yeyote kuwasha chochote. Mlinzi asiteremke na ndoo kuchota. Maji yale yamekaa na nyaya, na swichi ambayo anaamini imezimwa huenda imezima taa za korido tu. Fundi akate umeme mwenyewe, afunge swichi kwa kufuli lake, apampu, akaushe, akague kufuli za milango moja baada ya nyingine, apime arthi, kisha aipandishe na kuishusha tupu mara kadhaa. Siku moja bila lifti ni bei nafuu ukilinganisha na paneli mpya, ambayo mara nyingi huagizwa nje ya nchi na kusubiriwa kwa wiki.

Na ile namba ya simu ya fundi iliyobandikwa ndani ya kibanda: ipigeni leo, mvua haijaanza. Majengo mengi yalibadilisha kampuni ya matengenezo na kibandiko kikabaki cha ile ya kwanza.